Kaskazi Ilikurudisha Unguja

Baba Nassor,

Hali yako sikuulizi, iko kwa Mola wako, na namuomba iwe njema. Herufi hizi ni zile zile za chuoni, za Kurani, ndizo nilizo nazo. Skuli mimi sikuuona mlango wake. Zikikushinda, basi sikia tu, maana naandika huku nasema kwa sauti, na mkamwana wako, mke wa Nassor, keshanichungulia mara mbili.

Mwanao anataka kunihamisha kutoka hapa Maskati. Ati niende Nizwa kwa ami zake, huko majabalini, nikakae na tende na mbuzi. Sababu ni wewe. Tangu walipotutoa Unguja mwaka ule wa mapinduzi, homa ikakuchukua melini mbele ya Barawa, pwani ya Wasomali, wakakukafini, wakakuswalia, wakakutia baharini, mimi kila mwaka siku zile zile za upepo wa kaskazi nashuka pwani nakutolea salamu. Wenzangu wana makaburi. Mimi nna maji. Majirani wakaanza: "Bi Zuwena anazungumza na samaki." Nassor akaona haya.

Nilikuwa nikimwambia: baba'ko alizikwa kule, lakini maji yanatembea, ipo siku yatanifikia. Basi juzi kaja na ramani ya mabaharia kutoka kazini kwake bandarini, imejaa mishale, kaitandaza juu ya mkeka wangu. "Mama, maji ya juu ya bahari hayendi yanakotaka. Upepo ndio unaoyasukuma. Kaskazi ikivuma, yanatoka huku kwenda Afrika. Miaka yote hii wewe unasimama kupokea, na maji yanakupa mgongo."

Yalinichoma. Nikaliendea karai la kufulia lililojaa povu, nikachukua kipepeo cha jikoni nikapepea. Kweli bwana! Povu likakimbia, maji ya juu yakalifuata mpaka ukingoni, yakapinda, yakarudi kwa pembeni. Nikahamia upande wa pili nikapepea: yote yakageuka. Chini soksi za Nassor zimelala, hazina habari.

Hapo akili ikanijia. Tulitolewa Unguja kaskazi ikivuma! Basi yale maji ya juu, yaliyogusa sanda yako mwanzo, yalikwenda wapi? Yalirudi kwetu. Sisi tunasukumwa huku kama magunia, na maji yako yanarudi Unguja bila kumuomba mtu ruhusa. Waliotufukuza walikuwa na bunduki, lakini amri juu ya kaskazi hawana. Nilicheka mpaka ushungi ukaanguka.

Nassor kadhani nimeharibikiwa na akili. "Mama, Baba mwenyewe yuko chini, na upepo haufiki chini." Najua, soksi nimeziona. Sikusema mifupa inakuja, nimesema maji. "Na hata upepo wa kusi ukiyageuza yakaja huku, mengi yakifika Ras al-Hadd, pembe ya Omani, hupinda yakaenda zake Bara Hindi." Mengi, si yote! Kwani mimi nimeomba yote? Hata ulipokuwa hai hukuwahi kunirudia mzima. Nusu yako ilibaki barazani na karata.

Basi sikupotea, Baba Nassor. Kaskazi nilikuwa nakutumia salamu, nami nikidhani napokea. Kupokea ni sasa, kusi imeshaingia. Hapa Maskati haipigi mlangoni kama kwetu, kuna joto tu la kuivisha mkate, lakini huko nje baharini inafanya kazi yake. Na asiniambie mtu nnaabudu maji. Naswali tano zangu, dua namuomba Mungu. Salamu ni salamu.

Jana gari la Nizwa limekuja. Nassor kalipakia kasha langu, mimi nikaliteremsha kwa mikono hii, mbele ya majirani hao hao wanaonicheka, nikalikalia katikati ya njia. Dereva kapiga honi. Nikamwambia piga, baba, na mimi nimeozesha binti wanne, makelele nayajua. Kaondoka. Nassor kasimama, mara kaja kukaa ubavuni mwangu juu ya kasha, kama alipokuwa mtoto. Kasema polepole: "Kesho asubuhi nitakupeleka pwani mimi, Mama." Leo tumekwenda sote wawili. Kavua viatu kaingia maji mpaka magotini, na salamu kakutolea mwenyewe. Sijui kama zimekufika. Sauti ilimkatika.

Buriani, mume wangu, Mungu akutilie nuru ulipo. Ahadi yangu ni hii: pwani hii siiachi maadamu miguu inanibeba. Anayenitaka Nizwa, aihamishie bahari huko kwanza.

Zuwena wako