Jina la Kizito Katika Kasha la Novemba

Alhamisi, 3 Novemba 1994

Stensili ya tatu imeharibika leo. Wino wa kusahihishia umekauka. Padre Mkuu anataka orodha mbili kabla ya Jumapili, siku ya wanafunzi wa zamani. Moja ya waliofanikiwa, isomwe baada ya Misa. Nyingine ya marehemu, isomwe ndani ya Misa. Miaka kumi na miwili nimekuwa karani wa shule hii na bado anadhani mashine hupiga chapa yenyewe.

Ya waliofanikiwa ninayo tangu muhula uliopita. Daktari wa meno. Mapadre wawili. Omondi wa simu. Kizito Wafula, fundi wa visima kule Lodwar. Watoto wa Dandora na Baba Dogo hao. Barua zao za kuomba kazi nilizipiga chapa mimi. Najivunia, na nani atanikataza?

Ya marehemu hutoka kwenye kasha la Novemba, kanisani, chini ya sanamu ya Mama Maria. Watu huandika majina ya wafu wao kwenye vikaratasi, hutumbukiza. Mimi hutoa na kuyapanga.

Ijumaa, 4 Novemba

Siku mbaya. Katikati ya vikaratasi nimekuta jina la Kizito Wafula. Jina tupu, hakuna neno lingine. Nilikaa nalo mkononi hadi chai ikapoa. Kijana yule alikuwa akinisaidia kuzungusha mashine ya kurudufu bila kuombwa. Nilimwandikia barua ya mwaliko mwezi wa tisa. Hakujibu, nikamwita mwenye maringo. Kumbe.

Nimemfuta kwenye orodha ya waliofanikiwa. Nimemwandika kwenye ile nyingine. Sikuuliza mtu. Nani ataandika jina la mtu aliye hai katika kasha la Novemba?

Jumapili, 6 Novemba

Nimeharibu. Sijui nimeharibu nini hasa, lakini nimeharibu.

Padre alisoma majina polepole, jinsi apendavyo. Alipomtaja Kizito, mama yake aliyekuwa benchi la nne akasimama. Hakulia papo hapo. Alisimama tu na mkoba wake. Kisha akapiga nduru, nayo kwaya ikanyamaza.

Nilimfuata nje na maji. Nilidhani ni msiba uliotoneshwa. Akanishika mkono, akaubana.

"Mama Mutheu, mmemzika wapi? Nani aliwaletea habari?"

Mimi nilidhani yeye ndiye anayejua. Yeye anadhani shule ndiyo inayojua. Nikasema nitauliza. Mwoga mimi.

Jumatatu, 7 Novemba

Matanga yameanza Dandora. Mabenchi ya jumuiya yamebebwa tangu asubuhi. Kibanda cha Mama Kizito sokoni Gikomba, anakouza nguo za watoto, kimefunikwa turubai. Ndugu zake wameanza kufika kutoka Bungoma. Picha ya Kizito akiwa na sare yetu imewekwa juu ya stuli, na kitambaa cheupe. Sikuweza kuitazama.

Lazima nimjue aliyeandika jina lile. Yeye ndiye mwenye habari. Vikaratasi vyote viko kwenye kikapu altareni, na Padre amekataza visiguswe hadi mwezi uishe. Nimevigusa alipokwenda kula. Mungu atanisamehe, Padre sijui.

Nimekipata. Karatasi ya daftari la hesabu, ya miraba. Kalamu ya buluu. Herufi kubwa kubwa.

Jumanne, 8 Novemba

Nimekipeleka Dandora ndani ya kitabu cha sala. Nia yangu ilikuwa kukizungusha kwa wanawake wa jumuiya, mmoja autambue mwandiko. Nikaanza na mama mwenyewe, kwa heshima tu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooshwa.

Akakitazama. Akakigeuza. "Hiki ni changu."

Sikumwelewa. Akasema alikiweka mwenyewe baada ya Rozari. Miezi minane Kizito hajaandika. Alitaka tumwombee akumbuke nyumbani.

"Lakini Mama Kizito, kasha lile ni la wafu."

"Kwani Mungu ana makasha mawili?"

 Kisha mtu akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikaenea hadi kwa akina baba waliokuwa nje. Mama Kizito alicheka huku akijifuta kwa leso. Hakuna aliyesema Kizito amekufa. Hakuna popote! Ni yeye kaandika, mimi nikapiga chapa, Padre akasoma, na yeye akaamini. 

Ndipo dada mkubwa wa Mama Kizito akauliza, "Sasa mtoto yuko wapi?"

Kicheko kiliisha. Wanawake wakaketi tena. Hawalii, na hawaendi nyumbani. Picha imebaki pale pale.

Jumatano, 9 Novemba

Nimemwungamia Padre kila kitu. Hakunigombeza, na hilo limeniuma zaidi. Akasema fungua rejista ya wanafunzi wa zamani, tuone ni nani anayeweza kusaidia. Nikamkumbuka Omondi. Ni wa darasa la Kizito, sasa anaunganisha simu za mbali. Darasani alikuwa mpiga kelele, nikaandika jina lake mara nyingi kwenye kitabu cha adhabu. Nikampigia simu.

"Madam, tulia. Huyo msee tutampata tu."

Saa tisa akapiga. Amezungumza na ofisi ya visima Lodwar. Kizito hayupo. Alipunguzwa kazini mwezi wa tatu pamoja na wengine, akaondoka na begi. Hawajui alikokwenda.

Nimeogopa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu: huenda nilipiga chapa jambo la kweli.

Alhamisi, 10 Novemba

Hakuna kitu. Simu imelia mara saba. Muuza chaki, mzazi, muuza chaki tena. Nimemfokea muuza chaki.

Nimekwenda Dandora na unga. Mama Kizito hakuniuliza lolote. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 11 Novemba

Omondi hakuacha. Kila alipopata nafasi alimsumbua mwenzake wa simu kule Lodwar, mama mmoja anayejua habari za mji mzima. Huyo mama akauliza misheni. Misheni wakauliza kwa redio yao ya mawasiliano, kituo kwa kituo.

Saa kumi na robo. "Madam, kaa chini kwanza."

Nilikuwa nimekaa. Nikasimama.

Yupo. Anafundisha shule ya msingi ya misheni, mbali kaskazini, hesabu na sayansi, bila cheti. Watamleta mjini na gari la misheni, azungumze kesho saa tano. Nililia juu ya mashine, kifuniko chake kikalowa. Padre akaingia, akaniona, akatoka. Kisha kengele ya shule ikalia kabla ya wakati wake. Nadhani ni yeye.

Jumamosi, 12 Novemba

Mama Kizito alifika ofisini saa mbili kwa miadi ya saa tano. Amevaa nguo ya Pasaka. Akaketi mbele ya simu na kuikodolea macho. Dada yake nyuma, Padre mlangoni.

Ikalia. Nikampa mkono wa simu. Akauliza kwa ukali, "Wewe nani?" Sauti ilisikika hadi kwangu, ndogo, inakatika. Hakuridhika.

"Kama ni wewe, nani alikuchoma na pasi?"

Akasikiliza. Uso wote ukalegea.

"Ni mimi, eeh. Ni mimi nilikuchoma. Mjinga wewe! Watu wamekula matanga yako!"

Alimgombeza hadi akaishiwa. Kisha akalia, kisha akauliza kama anakula. Mwisho akanipa mimi simu.

Kizito akaniambia ukweli. Barua yangu ya mwaliko ilimfikia, dereva wa misheni alimchukulia posta Lodwar. Nilikuwa nimeandika juu yake, Mhandisi Kizito Wafula. Alikuwa ameshapoteza kazi. Angekuja kusimama mbele ya mama yake na kupigiwa makofi kwa kazi asiyokuwa nayo? Akaona heri anyamaze, na kadiri alivyonyamaza ndivyo ilivyokuwa vigumu kuandika.

 Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Hapana, Madam, nisamehe wewe." Laini ikakatika hapo.

Jumatano, 16 Novemba

Kizito amefika leo adhuhuri. Baada ya kazi nimepita Dandora kumsalimu.

Mama yake alinizuia mlangoni kwa kidole mdomoni. Mabenchi yamerudishwa kanisani. Ndani, kijana amelala kwenye kiti, viatu bado miguuni, vumbi la safari kwenye suruali. Amekonda. Ndevu zimemwota vibaya.

Dada mtu alikuwa anachambua maharagwe, moja moja, yasigonge sufuria. Nikapewa nafasi kitandani, nikaketi. Mama Kizito ameketi mkabala na mwanawe, hafanyi kazi yoyote, mikono mapajani. Kizito anakoroma, tena sana.

Mama yake akaniinamia sikioni.

"Msikie."

Nikamsikiliza.