Watoto Wasiotumwa

Kwako mdogo wangu Kokushubila,

Tumsifu Yesu Kristo, nawe uitikie hapo hapo Kamachumu hata kama mdomo umejaa ndizi. Magoti ya mama yanaendeleaje? Migomba imepata mvua? Mimi nipo, namshukuru Mungu, ila nimechoka. Jiko la hosteli hapa Dar halijui Jumapili. Nikitoka misa ya kwanza, ni sufuria moja kwa moja.

Ile sinema nimeiona. Uliponitumia tangazo lake kwenye simu ulisema, "Dada, nenda utuangalizie, hao ni sisi watatu kabisa." Basi nikavaa kitenge cha Pasaka, nikaingia na ile kahawa ya kutafuna uliyonitumia, kama tulivyoingia nayo banda la video mimi, wewe na marehemu Adela wa jirani. Nikamkaribisha na binti aliyekaa kando yangu, maana utatafunaje peke yako na mtu yupo? Akainusa.

"Mama, hii ni dawa ya nini?"

"Ya upweke," nikamwambia. Akanirudishia.

Sasa sinema yenyewe. Watoto wanazurura na baiskeli kutwa, wanaokota chombo kilichoanguka kutoka angani, na hakuna anayewaita. Koku, watoto gani hao hawatumwi? Sisi tungekiokota, mama angeshauliza maji yako wapi, na Adela angekigeuza kiti cha kumenyea ndizi.

Hayo ningevumilia. Lakini mmoja wao akafa, nami nikatoa kitambaa, maana hicho ndicho nilichokifuata. Unajua Adela sikumzika. Ruhusa ya kazini ilikataliwa, na tangu siku ile sijalia. Nikasema leo nitalia humu gizani, hakuna anayenijua. Mara wenzake wanabonyeza kitufe cha kile chombo, anaamka, wanacheka, wanapanda baiskeli, muziki! Hakuna aliyekaa matanga, wala ishara ya msalaba. Yule binti analia kwa furaha, mimi machozi yamerudi yalikotoka. Ufufuko tunauamini, Koku, lakini hata Bwana wetu alimlilia Lazaro kwanza, ndipo akamwita.

Nikatoka nimechoka kuliko nilivyoingia.

Kwa hiyo nimeomba likizo ya Krismasi, na safari hii mkuu wa jiko amekubali. Waitu, mpenzi wangu, nakuomba jambo moja. Najua huwa unapalilia kaburi la Adela pale nyuma ya migomba yao. Kuanzia leo liache. Majani yaote yanavyotaka. Nikifika nataka nikute kazi, nipige magoti niyang'oe mwenyewe. Usinisaidie wala usinibembeleze. Wewe kaa kando utafune kahawa.

Nisalimie mama, na shemeji, mwambie kitenge nilichofunga pamoja na barua hii ni chako, si pazia. Mama yake Adela mshike mikono yote miwili. Mwambie nimechelewa, lakini nakuja kuhani.

Ni mimi dada yako,
Paskazia