Joto la Alhamisi

Kibuli, Kampala
Novemba 1976

Kwa dada yangu mpenzi Mwanawetu,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mombasa, wewe, shemeji na watoto, na mguu wako uwe umepona. Sisi huku hatujambo, na Mama bado ulimi wake mkali kama unavyoujua. Barua hii haipiti posta, jirani yetu Umar anakuja nayo mkononi, kwa hiyo leo nitasema yote.

Unakumbuka nilikueleza habari za ukuta wa Babu. Pale sebuleni alipokuwa akiegemea marehemu akisomesha, ukuta ulianza kupata joto. Si kila siku; ni Alhamisi jioni tu, watu wanapokuja kusoma Yasini. Wewe ulicheka. Lakini mimi niliweka kiganja pale nikasikia joto kama la shavu la mtoto mwenye homa. Mtaa mzima ukaja kugusa, na wanawake wakilia pale kwa shida zao za siku hizi ambazo hazisemeki barabarani.

Ukuta huo ndio uliotuokolea nyumba. Kabla ya Ramadhani, sajini mmoja aitwaye Marjan aliingia na askari wawili akasema nyumba ameipenda, tuhame. Ilikuwa Alhamisi. Mama hakubishana naye. Alimwambia amsalimie kwanza mwenye nyumba, akamwonyesha ukuta. Sajini aliweka mkono, akauondoa haraka, akauweka tena. Kisha akavua buti. "Hii nyumba iko na mwenyewe," akawaambia wenzake, wakaondoka. Tangu hapo akawa anakuja peke yake kila Alhamisi, anagusa, anaketi nyuma kabisa ya watu. Sote tulijua kwamba siku ukuta ukipoa, tutalala nje.

Basi mwezi uliopita taa zikaanza kupepesa, na ikawepo harufu ya plastiki inayoungua ambayo hata ubani haukuificha. Shemeji yako Abubakar akamwita Anselme, fundi Mkongo anayekaa Nsambya. Alizima swichi kubwa, akafungua soketi iliyo chini ya mahali pa Babu, akanimulikia nione. Mbao ndani ya ukuta zilikuwa mkaa mtupu, na Mama hulala upande wa pili, kichwa chake hapo hapo.

Anselme alitueleza kwamba nyumba ilitandazwa waya za alumini, na baadaye mtu akaunganisha waya wa shaba kwa kuusokota na kuuzungushia tepu. Alumini ikipata moto hutanuka, ikipoa hunywea, na kila mara kiungo hulegea kidogo, mpaka umeme unageuka moto mahali pasipoonekana. "Iko waya tu, Mama," akasema. "Inakula nyumba pole pole." Akauliza Alhamisi huwa tunachomeka nini pale.

Kila Alhamisi, tangu adhuhuri mpaka karibu na Maghribi, napiga pasi kanzu za Ijumaa, za Abubakar na za nusu ya majirani, kwenye soketi ile ile. Baraka ya Babu ilikuwa pasi yangu.

Anselme alitafuta vifungio maalumu vya kuunganisha waya hizo mbili, akazunguka soko lote la Owino, hakuna. Abubakar alimsihi azungushie tepu tu. Alikataa katakata. Akaikata laini nzima ya ukuta ule, akafunga ncha zake, akakagua soketi nyingine zote moja moja. Ukuta ukapoa.

Sasa nakiri, dada, nisamehe. Alhamisi iliyofuata niliamua kumdanganya sajini. Nilipanga kuikandamiza ukutani pasi ya makaa, nimeifunga kitambaa, kwa upande wa chumbani, na Abubakar alikubali. Mama alinikuta napepea makaa. Aliyamwagia maji yote, akasema hatatumia jina la baba yake kumhadaa mtu, hata mwenye bunduki.

Sajini akaja. Aliweka mkono, akageuka kututazama. Mama akasimama mbele ya watu wote akamwambia kwamba lile joto lilikuwa la waya mbovu, lingetuunguza sote, tumelizima, na hapo hakuna kitu ila ukuta. Nilikuwa naitazama bastola yake tu.

Mkono wake haukutoka ukutani. Mwishowe akasema, polepole, kwamba tangu avae magwanda kila mtu humwambia kile anachotaka kusikia, hata mke wake. Akaomba tuanze kusoma. Akaketi pale pale alipokuwa akiketi Babu, mgongo kwenye ukuta wa baridi, akalia mpaka Yasini ikaisha. Alipoinuka alisema askari wengine hawezi kuwazuia, lakini yeye nyumba hii hataichukua. Mama akamjibu kwamba Alhamisi ijayo asichelewe.

Dada, nimezaliwa na Mama, nimekula naye, nimegombana naye, na sikumjua. Sasa akipita sebuleni najikuta nasimama.

Abubakar anakusalimu sana, na Mama anasema umwandikie kwa herufi kubwa, macho yamechoka. Wabusu watoto wote. Mola akulindeni, nasi atulinde.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kulthum