Bolti ya Gurudumu la Kushoto

Jumamosi. Mvua ilipiga tangu alfajiri, ikaacha saa nne, na sasa Kalemie yote inanuka udongo na samaki wa jana. Nina furaha na nina aibu. Sijui nianze na ipi.

Nianze na aibu.

Mke wangu, Mama Ngoy, miguu yake haimbebi tangu utotoni. Anatembelea kiti cha magurudumu matatu, anakiendesha kwa mikono, na kwa mikono hiyohiyo anashonea nusu ya mtaa wetu. Wiki tatu zilizopita bolti ya gurudumu la kushoto ilikatika. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma kwenye karakana ya reli, mwaka wa kumi na nane sasa. Bolti ni kitu gani kwangu? Niliitazama kwa jicho tu, nikasema hii ni kumi na mbili, nikakereza mpya ya milimita kumi na mbili. Ilipoingia ilichezacheza kidogo. Nikaikaza kwa nguvu, nikanyamaza.

Karakana yetu yote inapima kwa milimita tangu enzi za Wabelgiji. Lakini kiti kile mapadri walikileta kupitia Kigoma, ni kazi ya Waingereza, na Waingereza wanapima kwa inchi. Nilijua hilo. Sikulifikiria.

Jumapili ile, kwenye mteremko wa kanisa, gurudumu lilichomoka. Alianguka mbele ya waumini wote, pagne yake nzuri, kitenge cha Jumapili, ikajaa tope. Nilipookota bolti yangu niliiona ni nzima. Haikukatika, ilichomoka tu, maana ilikuwa nyembamba kwa tundu lake, pungufu hata milimita moja haifiki. Kosa langu nililishika mkononi. Watu walikuwa wananitazama, nami nikasema ni shimo la barabara.

Uwongo wa maneno manne.

Tangu siku hiyo Mama Ngoy hakutoka nje. Nilijaribu kurekebisha kimyakimya: nikakereza bolti ya kumi na tatu, ikakataa kuingia. Kila jioni nilirudi na udhuru mpya. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilifika wiki tatu.

Alhamisi alichoka na udhuru wangu. Akaniomba bolti zote mbili, ile ya zamani iliyokatika na ile ya kwangu. Alikuwa na utepe wake wa ushonaji shingoni, wenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Alilaza bolti ya zamani juu ya inchi moja, akahesabu meno yake kwa ncha ya sindano. Kumi na tatu, sawasawa, bila kubaki kitu. Akahesabu ya kwangu. Kumi na nne na nusu.

"Papa Ngoy," akasema, "hizi bolti mbili hazina kipimo kimoja. Barabara haina kosa."

Nikamwambia yote. Nilitegemea atapiga kelele, na ningeona ni haki yake. Alikunja utepe polepole, akasema bila kunitazama: "Miye nilizania ni uzito wangu. Njo maana nilikuwa naacha bukari."

Kweli. Wiki tatu nilikuwa naona sahani yake inarudi jikoni na nusu ya ugali, nikajiambia ni homa. Mke wangu alikuwa anajinyima chakula ili asivunje kiti, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, ninashiba.



Leo mkuu wa karakana aliniachia mashine ya kukereza. Kukata meno ya inchi kwenye mashine ya milimita kunataka gurudumu moja la meno mia moja ishirini na saba; letu lilikuwa kabatini, limelala kwenye grisi. Na kazi yake haina haraka. Kila ukimaliza kukata mara moja, huruhusiwi kuiachia mashine. Unairudisha nyuma taratibu hadi mwanzo, la sivyo kisu kinapotea njia ya meno. Nilikwenda na kurudi mara tisa. Kila nilipotaka kuharakisha nilimkumbuka na sindano yake, anahesabu.

Mchana bolti iliingia laini, bila kucheza. Alipanda kitini mwenyewe. Barabara ilikuwa bado inateleza, nikashika mgongo wa kiti.

"Achilia, Papa Ngoy."

Nikaachilia. Akashuka mteremko peke yake, mabega yake yakifanya kazi, na hakugeuka nyuma. Nilibaki nimesimama hadi alipokata kona kuelekea kwa dada yake. Nampenda mwanamke huyu kuliko ninavyojua kusema.

Hajasema amenisamehe, na sikumuuliza.

Kesho ni Jumapili, na watu walewale watakuwa mlangoni mwa kanisa. Kabla hawajamuuliza chochote, nitawaambia mimi: mke wangu hakuangushwa na barabara. Aliangushwa na mkono wangu.