Cheko la Wifi Yako

Kijiji cha Songjeong,
Gurye, Korea.
3 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Malsuk,

Hujambo huko São Paulo? Goti la shemeji Gicheol linaendeleaje, bado linamtabiria mvua? Mimi mzima. Jino la mbele limebaki moja, nalo linanitosha kutishia watu.

Kwanza ujue unaandikiwa na bingwa wa kompyuta wa Gurye nzima. Haya, nimedanganya. Katika darasa letu pale ukumbi wa wazee, mimi ndiye wa mkiani. Hata Chilbok, aliyekuwa akivaa shati kinyume shuleni, amenipita. Mwalimu wetu, binti mpole sana, akiniona nashika kipanya anafumba macho.

Jambo moja tu limeniingia: kukata kipande cha skrini. Unabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, skrini inafifia kama jua limeingia winguni, kisha unaburuta kipanya kuzunguka unachokitaka. Kilichomo ndani ya kisanduku kinakuwa picha yako, mengine yote unayaacha. Mara ya kwanza nilikosea nikaibeba skrini nzima, nikawatumia watoto: pua yangu kwenye kamera, na pembeni yake dawa ya bawasiri niliyokuwa naitafuta. Dongsik akapiga simu kutoka Seoul. “Baba, pole. Unaweza kukaa lakini?” Mtoto hana adabu, kamrithi mama yake.

Sasa sikia kwa nini nahangaika. Wifi yako Okbun anapasuliwa moyo mapema Desemba. Daktari anasema tusiogope, nasi tunaogopa. Mwezi uliopita mpiga picha alikuja ukumbini kuwapiga wazee picha ya msibani, ile ya kuinamiwa na waombolezaji, bure. Okbun akarudi na yake, amenuna kama kauziwa samaki aliyeoza. Akailaza kifudifudi juu ya kabati.

“Baba Dongsik, nikienda, usimweke yule mama mbele ya watu. Mimi simjui.”

“Nani kakupa ruhusa ya kwenda?”

Akanirushia taulo. Lakini neno lake limenikaa kifuani.

Wewe peke yako ndiye unayemchekesha hadi uso unafunguka wote. Mkiongea kwa video Jumapili, namwona kwenye kidirisha chetu pale pembeni mwa skrini, ni yule yule binti niliyemwoa. Mimi nakimbilia vitufe niunase uso huo. Lakini unamjua: akicheka tu, kiganja mdomoni. Nina picha tele za mkono wake. Ni mkono mzuri, siukatai, ila watu waje wainamie vidole?

Nimewaza mpaka nikapata dawa. Jumamosi ya tarehe 25 tunakanda kabichi za kimchi ya msimu wa baridi. Mikono ya wifi yako itakuwa imezama kwenye pilipili hadi viwiko, na mtu mwenye pilipili mikononi hajishiki uso, hata achekeje. Kompyuta nitaiweka mezani, nijifanye natafuta chumvi.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu anasikia kila kitu. Usimwambie. Msalimie Gicheol, na mwanao Hyejin mwambie ale, mjomba wake hapendi mifupa. Mbingu ziwatunze hadi tuonane.

Kilichobaki ni deni lako. Siku ya harusi yangu ulipewa kofia yangu uilinde, mbuzi akaila, nikaoa na kofia ya jirani iliyonifunika masikio. Sikukusema kwa baba hata siku moja. Sasa nilipe: Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi yetu, kwenu Ijumaa saa tatu usiku, piga, umsimulie Okbun habari ya yule mbuzi. Polepole, maana vidole vyangu ni vizito. Akitoka hospitali salama, picha nitaitundika jikoni, inicheke nikila.

Ni mimi kaka yako, akupendaye bila kofia,
Pandol