Majina Kumi kwa Penseli

Jumatatu, 2 Juni

Nakala safi: kitabu kilichotumika ambacho hakina ukurasa uliopotea, muhuri, wala alama ya mkono wa msomaji. Hivyo ndivyo ninavyowaeleza wanunuzi wangu wa mtandaoni, wala silegezi.

Leo nimepiga picha vitabu sita barazani, kabla jua la Garissa halijawa kali. Cha sita si safi. Ni kitabu cha jiografia nilichokiokoa shule ya Modogashe ilipotupa vitabu chakavu. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa penseli, majina kumi: Abdi, kisha baba yake, kisha babu baada ya babu. Watoto wa Kisomali walijua ukoo wao kabla ya kujua herufi. Nami, wakati huo mwalimu wake kijana kutoka Nyeri, nilimchapa Abdi kwa kuchafua mali ya shule. Nakumbuka vumbi la malori dirishani, na sauti yake akiyakariri yote kwa pumzi moja.

Ukurasa huo nao nimeupiga picha. Kasoro hutangazwa.

Jumatano, 4 Juni

Mnunuzi wa Nakuru anakitaka, kwa sharti: penseli ifutwe. Nimeanza juu, kwa kifutio laini. Majina mawili yametoka vizuri. Mkono ukachoka.

Alhamisi, 5 Juni

Amenipigia Halima, dada yake Abdi. Anauza nguo Hagadera. Mtu aliyesoma nao amemtumia tangazo langu. Abdi alifariki zamani. Hakuacha barua, wala hata daftari.

"Mwalimu, hii mkono ni ya ndugu yangu, walahi. Ulimchapa sababu ya kuandika. Sasa unamuuza?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikajitolea kumtumia picha iliyo kubwa zaidi.

"Picha niko nayo kwa simu. Mimi nataka karatasi yenyewe alishika."

Sikumwambia kuhusu kifutio. Woga mtupu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimevunja mauzo. Mnunuzi amenitukana kwa herufi kubwa. Ana haki.

Kisha nimemwandikia Halima ukweli: jina la Abdi na la baba yao nimeyafuta mimi. Ujumbe ameusoma. Hajajibu.

Jumapili, 8 Juni

Nimeitazama simu tangu asubuhi. Najionea aibu.

Jumanne, 10 Juni

Halima amekuja kwa basi la asubuhi. Kabla ya salamu, aliomba kitabu. Akauinamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Abdi alikuwa na mkono mzito. Penseli ilichimba karatasi. Majina yote mawili bado yanasomeka, mitaro mitupu isiyo na rangi. Halima aliipitishia kidole, polepole. Aliomba penseli. Nilipompa, alinirudishia: niandike mimi, maana aliyefuta ni mimi.

Anangoja barazani, kikombe cha chai mkononi. Hana haraka. Penseli nimeichonga, kitabu kiko wazi mbele yangu. Nikiufuata mtaro uleule aliouchimba Abdi, bila kukengeuka hata kidogo, mwandiko utakuwa wa nani?