Sita Niliyoiandika Ukutani

Ijumaa, 11 Januari 2013. Najma, Doha.

Leo upepo umeamka na vumbi lake. Asubuhi watu walikuwa wanatembea wamejikunyata, mikono makwapani, ingawa kwa mtu aliyezaliwa Kinangop hii si baridi ya kuvalia koti. Mimi nimeamka na kinyaa. Nimepiga mswaki mara mbili na ladha ya moshi bado iko kooni.

Nieleze kwanza huo moshi umetoka wapi, maana wanaonisoma kutoka nyumbani hudhani Doha ni jua na maghorofa basi. Mimi ni fundi bomba. Tangu Novemba tuko kwenye jumba moja kule Al Thumama, na kazi yetu ni kupasha sakafu joto. Ndiyo, sakafu. Katika mji ambao mwezi wa saba ukifungua mfereji wa maji baridi unaungua vidole. Mwenye jumba alienda likizo Ulaya wakati wa theluji, akalala kwenye nyumba ya shambani, akakanyaga sakafu iliyopashwa kwa moto wa kuni, akarudi akasema anataka hivyo hivyo kwenye majlisi yake, ile sebule kubwa ya wageni. Akaambiwa umeme ungetosha. Akasema kuni.

Basi nyuma ya ukuta wa jikoni tumesimamisha boila, sanduku la chuma linalonipita urefu. Ndani mna tumbo la moto, na maji yamelizunguka tumbo hilo. Kuni zikiwaka maji yanapata moto, pampu inayasukuma chini ya ardhi mpaka majlisi, yanapita kwenye bomba la plastiki lililolazwa sakafuni likizunguka-zunguka kama utumbo, kisha yanarudi nje yakiwa yamepoa. Juu ya bomba linamwagwa zege, juu ya zege marumaru. Zege likishamwagwa, huoni tena kitu.

Jumatano tuliijaribu boila. Kuni halisi zilikuwa bado hazijaletwa, tukaambiwa tuchome mabaki ya mbao za ujenzi, nyingine zimepakwa rangi, nyingine zimejaa gundi. Moshi ulitoka mweusi na mzito, ukashuka kwenye nyuso zetu badala ya kupanda. Kwenye dohani kukaanza kudondoka uteute mweusi kama lami, ukadondokea begani mwangu. Nilitema mate meusi mpaka jioni. Mama yangu huko Kinangop huinama vichakani kutafuta kuni za kuchemshia chai, na hata siku amekosa kabisa hachomi mbao yenye rangi.

Lakini kinyaa chenyewe si cha moshi. Laiti kingekuwa cha moshi.

Fomeni wetu ni Wekesa. Ni shemeji yangu, amemwoa dada yangu Njeri, na ndiye aliyenitafutia kazi hii na kunipokea uwanja wa ndege. Nguo za kazi za kwanza nilizovaa hapa zilikuwa zake. Niandike hayo mapema ili nisije nikajifanya nimesahau.

Sasa kosa. Kosa ni langu.

Jumatatu nilikuwa nakata kamba ya furushi la povu, lile la kutandika chini ya bomba ili joto lisipotelee ardhini. Kisu kikateleza. Kikapita kwenye bomba tulilokwisha kulilaza, katikati kabisa ya majlisi. Tundu lenyewe dogo, huwezi kuingiza hata kijiti cha meno. Nililikodolea macho huku masikio yanawaka.

Mafundi wa kazi hii wana sheria moja ambayo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaijua: bomba linaloingia chini ya zege ni moja, kutoka mwanzo hadi mwisho, halina kiungo. Ukilitoboa, unaling'oa lote na kulaza jipya. Bomba jipya lilikuwa halipo. Lingeagizwa, na lingechukua wiki mbili kufika. Nilimwita Wekesa nikamwonyesha. Sikuficha, hilo najisifia, na ni jambo la mwisho la kujisifia utakalolisoma hapa leo.

"Shem, hii ni kitu kidogo," akasema. "Weka kiungo, tupige tepu, twende. Zege ikishakauka nani ataona?"

Tukakata, tukaweka kiungo cha shaba cha kukaza kwa spana, kile ambacho huwekwa mahali mkono unafika kwa sababu hulegea bomba likipata moto na kupoa. Wekesa akakifunga tepu nyeusi ya umeme, raundi baada ya raundi, kwa uangalifu, kama mtu anayefunga kidonda cha mtoto. Nikamshikia tochi.

Kabla ya zege kumwagwa, bomba hujazwa maji na kusukumwa kwa pampu ya mkono hadi presha ya sita, kisha huachwa hivyo. Kila asubuhi fundi husoma geji na kuandika namba ukutani kwa kalamu nyeusi, na sahihi yake pembeni. Injinia akipita hapigi magoti sakafuni, anaangalia ukuta. Namba zikifanana siku tatu mfululizo, anaruhusu zege. Ndivyo tunavyofanya kazi hapa, na ukuta unaaminiwa kuliko mdomo wa mtu.

Jumanne niliandika sita. Jumatano ikawa tano na kidogo, Wekesa akasema ni baridi ya usiku, andika sita. Nikaandika sita. Jana Alhamisi mshale ulikuwa umeanguka hadi nne. Hakusema tena habari za baridi. Akapiga pampu mpaka mshale ukapanda, halafu akafunga kivalvu kidogo kilicho chini ya geji.

Kwa asiye fundi: kivalvu hicho kikifungwa, geji haizungumzi tena na bomba. Imefungiwa na presha yake peke yake. Chini sakafuni maji yanaweza kuvuja hadi yaishe, na mshale utabaki sita.

Akapiga picha ya geji kwa simu. Akanipa kalamu.

Nikaandika sita. Nikatia sahihi.

Mkono wangu ninaoandikia hapa ndio huo huo. Nimekuwa nikiuangalia tangu jana, na ninajichukia.

Halafu kuna Mama Kabira. Ndivyo wafanyakazi wote wa jumba lile wanavyomwita mama mzazi wa mwenye nyumba, na yeye mwenyewe huitika. Ni bibi mzee, magoti yamemwishia, anatembea na fimbo. Dada wa kazi wa mle ndani, Mkenya mwenzetu, ndiye aliyetueleza: zamani Mama Kabira alikuwa anakaa chini pamoja na wajukuu, kahawa katikati, na alikuwa anasali chini. Sasa sakafu ya marumaru wakati huu wa mwaka inamuuma mpaka mifupani, kwa hiyo anakaa kwenye kiti, juu, peke yake, na wajukuu wanacheza chini mbali naye. Mwanawe alileta wazo la kuni kwa sababu ya starehe zake. Bibi alilipokea kwa sababu anataka kurudi kukaa chini.

Kila siku saa nne huja mlangoni kututazama. Huvua ndala, huweka kidole gumba cha mguu juu ya bomba, polepole, kana kwamba tayari lina moto. Halafu huniuliza neno moja.

"Bukra?"

Yaani kesho? Na mimi kila siku hujibu, "Bukra, inshallah," naye hucheka, kisha dada anatuletea chai ya maziwa yenye iliki. Jana pia aliuliza. Jana pia nilimjibu, na wino wa ile sita bado mbichi. Chai niliinywa yote.

Najua kitakachotokea. Boila itawashwa, maji ya moto yatapita, kiungo kitalegea zaidi. Maji yatajaa chini ya marumaru. Kwanza itakuwa harufu, halafu doa, halafu vigae vitainuka, halafu watakuja watu na nyundo za umeme kuivunja sakafu yote. Bibi atarudishwa kwenye kiti. Sisi tutakuwa kwenye jumba jingine, na ukuta wenye namba zangu utakuwa umepakwa rangi.

Leo nilidhani ibada itanisaidia. Hapa tunasali Ijumaa, kwa sababu Jumapili ni siku ya kazi. Ukafika wakati wa ushuhuda, Wekesa akasimama. Suti ya kijivu, kiatu kinang'aa. Akamshukuru Mungu kwa kazi ya mikono yake. Akasema walipewa kazi ambayo hakuna Mkenya aliyewahi kupewa pale, na bomba limepimwa siku tatu bila hata tone kuvuja.

"Na hata si ujanja wetu," akasema, "ni neema tu. Shem wangu yuko hapa, ni shahidi. Bwana asifiwe!"

Watu wakageuka kunitazama, wanatabasamu.

Nikasema amina.

Nilitoka nje nikasimama kando ya magari nikatapika chai na mandazi ya asubuhi. Mama mmoja wa kwaya akaniletea maji na kuniambia nipumzike, kazi yetu ni nzito. Nilitaka kumwambia kwamba kazi yetu haina uzito wowote, tunaandika sita tu.

Sikurudi ndani. Nilipanda basi nikaenda Al Thumama.

Mlinzi wa getini ni Mganda, Musa, kijana mstaarabu. Nilimwambia nimesahau spana, akanifungulia. Uongo mwingine huo, uongeze kwenye orodha. Majlisi ilikuwa kimya, bomba limelala lote sakafuni, jeupe, safi, kazi ya kupendeza ukiitazama kwa mbali. Nilipiga magoti katikati nikaingiza mkono chini ya kiungo. Povu lilikuwa limelowa chapachapa.

Nikaenda kwenye geji. Sita. Nikashika kikono chekundu cha kile kivalvu nikakifungua robo mzunguko. Mshale ulianguka bila kusitasita, ukapita tano, nne, tatu, ukasimama kwenye moja na nusu.

Nilipogeuka, Mama Kabira alikuwa mlangoni, na fimbo yake, soksi za sufu ndani ya ndala. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Hajui geji wala presha. Alitazama uso wangu, akatazama magoti ya suruali yangu ya kanisani yaliyolowa, na leo hakuvua ndala.

"Bukra?" akauliza.

Kiarabu changu ni cha kazini, cha kuomba chepe na maji. Nikasema, "La, Mama. Bukra la. Mushkila." Nikamwonyesha sakafu, kisha nikajigonga kifuani, ili ajue tatizo limetoka kwa nani.

Hakukasirika, na hilo ndilo limenimaliza. Alisogea, akaniwekea mkono begani, kwenye bega lile lile lililodondokewa na uchafu wa dohani, akasema kitu kirefu ambacho sikukielewa. Halafu akaondoka polepole, fimbo inagonga marumaru za ukumbini, akarudi kwenye kiti chake.

Nilichukua kalamu. Chini ya zile sita tatu nikaandika: moja na nusu, kiungo kiko katikati, kinavuja. Nikatia sahihi yangu na tarehe ya leo. Kisha nikafungua nati ya kikono chekundu nikakitoa, nikakitia mfukoni, ili asubuhi asiwepo mtu wa kukizungusha haraka kabla injinia hajafika.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Niko kitandani kwangu Najma, wenzangu wanafua nguo na kubishana kuhusu mpira. Kikono kiko hapa juu ya godoro kando ya kompyuta. Simu imeita mara nne. Mbili zilikuwa za Wekesa. Nadhani Musa amemwambia nilipita. Mbili za mwisho ni za Njeri. Najua atakachouliza. Ataniuliza kama nimesahau ni nani aliyenileta huku, kama najua fomeni akifukuzwa hapa hupewa tiketi ya kurudi nyumbani na siku chache tu za kufunga mizigo, na watoto wa nani watakosa nini. Kila neno lake litakuwa kweli. Nitamjibu kabla sijalala, sitamkimbia dada yangu, lakini kikono sirudishi.

Nimemwonea kinyaa shemeji wiki nzima, suti yake, tepu yake, ushuhuda wake. Lakini leo nimesimama mbele ya ule ukuta, na hakuna mahali hata pamoja palipo na mwandiko wa Wekesa. Zote ni zangu. Hakuandika hata moja. Akitaka, kesho atasema hajui lolote.

Wenye zege wanafika saa moja asubuhi. Injinia atapita, ataangalia ukuta, atageuka na kuuliza ni nani aliyekata bomba na ni nani aliyeandika sita mara tatu.

Sitamwachia Wekesa nafasi ya kujibu. Nitainua mkono huu.